Kiwavi wa Kijito na Nyumba Yake



Mwendapo kijitoni kuteka maji, tazameni chini kwenye mchanga. Huenda mtaona kipande cha kijiti kikitembea. Hicho si kijiti: ni nyumba, na ndani yake mna kiwavi. Wataalamu huiita jamaa yake Leptoceridae, nayo imeenea hata katika mito ya Afrika.

Tumbo la kiwavi huyo ni laini. Samaki wangemmeza upesi. Basi Muumba amempa uzi utokao kinywani, unaonata hata majini. Huokota punje za mchanga na vipande vya majani, akaviunga kimoja kimoja. Kadiri akuavyo, huiongeza nyumba upande wa mbele. Akinyang’anywa, huanza kujenga nyingine.

Maswali na majibu ya katekisimu ni kama punje hizo. Ni vema kuyakusanya. Lakini punje zisizo na uzi huchukuliwa na maji. Uzi wetu ni mapendo, kama Mtume Paulo alivyowafundisha Wakorinto. Ajuaye majibu yote, naye hasemezani na jirani yake kwa ajili ya mpaka wa shamba, huyo amekusanya mchanga tu, hajajenga. Nawe uliyerudia ulevi, usikate tamaa: anza tena leo.

Wengine hunung’unika: «Tumengoja mno, na wenzetu watucheka.» Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza wanaoomba ubatizo watayarishwe kwa miaka 4. Hakutaka kuwachosha, bali wasimame imara siku ya majaribu.

Mtazameni tena kiwavi. Wakati wake ukitimia, huifunga nyumba yake kwenye jiwe au mmea, huuziba mlango, akatulia ndani. Ungesema amekufa. Kumbe anageuzwa! Siku moja hutoka, hupanda juu ya maji, akaruka kwa mabawa 4. Nyumba huiacha chini. Vivyo hivyo, katika ubatizo twazikwa pamoja na Yezu Kristu, tupate kuishi naye maisha mapya. Mafundisho ni nyumba ya kutulea. Mwisho wetu ni Mungu mwenyewe.

Kusudi la juma hili: kabla ya Dominika, nenda kwa yule usiyesemezana naye, umsalimu wewe kwanza.

Tuombe: Ee Bwana, utuunge kwa mapendo yako, utufikishe kwenye maji ya uzima. Amina.