Kamera Iliyoanguka



Juma lililopita kijana mmoja wa kwaya aliniuliza kwa nini naendelea kupiga picha kwa kamera kuukuu yenye bonde pembeni, hali kila mtu ana simu inayopiga picha nzuri. Nilicheka, nikamwahidi jibu. Jibu lenyewe ni hili, wala si la kamera peke yake.

Kamera hiyo ni Yashica Mat-124G, ya aina iliyotengenezwa Japani tangu mwaka 1970 hadi 1986. Wazee wataikumbuka kwa macho yake mawili, moja juu ya jingine. La juu ni la mpiga picha: huinama akatazama kioo, akazungusha gurudumu dogo la pembeni mpaka sura ya mtu ionekane sawasawa. La chini ndilo linalopeleka mwanga kwenye filamu. Yote mawili yamefungwa katika bamba moja, yasogee pamoja, ili kinachoonekana juu kiwe ndicho kinachoandikwa chini. Mkanda mmoja hutoa picha 12 tu.

Ilikuwa mali ya marehemu mjomba wangu, aliyekuwa akipiga picha za kanisa. Mwaka 1981, usiku wa kuamkia Kipaimara, alinipa niitunze. Ikaniponyoka, ikaanguka kwenye ngazi ya sementi. Niliiokota nikitetemeka. Nikatazama kwa juu: sura safi kabisa. Nikabonyeza: ikalia kama kawaida. Nikapangusa vumbi, nikaifunika kwa mfuko wake wa ngozi, nikanyamaza.

Kesho yake mjomba alimaliza mkanda mzima, Askofu akiwawekea watoto mikono. Filamu iliposafishwa, hapakuwa na hata uso mmoja wa kutambulika. Zote zilikuwa ukungu mtupu. Nikasema huenda filamu ilikuwa mbovu, na mjomba akasadiki. Bibi mmoja aliyemlea mjukuu wake yatima alikuwa ameweka fedha kidogo kidogo kwa ajili ya picha moja ya siku ile. Akarudi nyumbani mikono mitupu.

Mkanda wa pili nao ulipotoka na ukungu, tulikwenda mjini kwa fundi. Mzee yule hakugusa bisibisi. Aliuliza, "Iliangukaje?"

Nikajibu, "Haikuanguka, mzee."

Akaisukuma upande wa mjomba. "Basi ichukueni. Nisipojua ilipogonga, nitafungua kila mahali, na nikifungua ovyo nitaharibu."

Hapo, mbele ya mjomba wangu, nikasema kweli.

Ndipo akaanza kazi. Bamba lilikuwa limepinda, na macho mawili hayakupatana tena: la juu lilionyesha vizuri, la chini liliandika ukungu. Alilinyosha. Kisha akafungua mgongo wa kamera, akaweka mahali pa filamu kipande cha kioo kilichosuguliwa kikawa cheupe kama maziwa, akaielekeza kwenye mnara wa mbali. Kwanza alihakikisha jicho la chini linaandika sawa. Baadaye ndipo akalirekebisha la juu lilifuate. Nilimwuliza kwa nini asianze na la juu. Akasema, "La juu linakupendeza wewe. La chini ndilo linalotoa picha."

Ndugu, nimelifikiri neno hilo miaka mingi. Anguko lilipinda bamba tu. Ukimya wangu ndio uliopoteza picha za watoto. Ningalisema usiku ule, mjomba angaliazima kamera nyingine. Wapo wasemao kwamba kusamehe ni kutouliza. Fundi yule aliuliza, wala hakuuliza ili anihukumu, bali apate mahali pa kuanzia. Na sisi tunapokwenda kwa Padre kuungama, swali ni lile lile.

Mjomba hakunipiga. Alinituma kwa yule bibi, peke yangu. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, njoo Jumapili na kamera yenu, kabla hujaiangusha tena." Jumapili ile mjomba alinivika kamera shingoni mbele ya watu. Bibi na mjukuu wake wakasimama chini ya mwembe, na picha ilitoka vema. Lakini Askofu hayumo. Siku ile haikurudi. Nabii Yeremia alishuka nyumbani kwa mfinyanzi, akaona chombo kilichoharibika kikifinyangwa upya. Udongo ulikuwa bado mbichi. Wengi wetu tumekwisha kukauka. Tunatengenezwa, na bonde letu linabaki.

Hata leo kamera ina ulemavu wake. Kipima mwanga kimekufa. Kilitumia betri ndogo za zebaki, ambazo zimeachwa kwa sababu ya sumu yake. Lakini kilango cha mwanga huendeshwa na springi, hakihitaji betri. Basi nakadiria kwa macho: jua kali la mchana, filamu ya 100, tundu namba 16, kasi ya sehemu 1 kwa 125 ya sekunde. Na mtu akiniomba nipige picha za harusi, namwambia wazi kwamba kamera hii ilianguka, atafute na mwingine mwenye kamera mpya asimame nami. Si haki kuhatarisha siku ya mwenzangu kwa sababu mimi napenda kitu cha kale.

Kijana wa kwaya, naitumia kwa sababu mjomba alinirudishia. Katika mtaa wetu wapo walioanguka, wakasema kweli, wakasamehewa, nasi mpaka leo hatuwapi hata kapu la sadaka walishike. Tuwarudishie kazi, tukijua bonde liko wapi, na mwingine asimame nao.