Aliyedhulumiwa Anapodhulumu

Tunapozungumza juu ya dhulma, aghlabu huwagawa watu mafungu mawili: madhalimu upande huu, na wenye kudhulumiwa upande ule. Tena huona kama kwamba aliyenyang'anywa haki yake ameshatakasika, na lolote atakalotenda baada ya hapo ana udhuru nalo. Je, ni kweli? Leo napenda tuyaangalie maisha ya mtu wa mbali, asiyekuwa wa dini yetu wala wa nchi yetu, huenda tukajiona sisi wenyewe ndani yake.

Mtu huyo ni Stand Watie, wa taifa la Cherokee, katika wale wenyeji wa asili wa Marekani ambao wazungu waliwaita Wahindi Wekundu. Alizaliwa mwaka 1806, katika ardhi ya wazee wake ambayo leo ni jimbo la Georgia. Jina lake la kwao, Degataga, maana yake ni kusimama imara.

Wacherokee walikuwa na mashamba, sheria na herufi za lugha yao wenyewe. Mwaka 1828 walianzisha gazeti, na mhariri wake wa kwanza alikuwa Elias Boudinot, nduguye Watie. Yote hayo hayakuwafaa kitu, kwani walowezi walikwisha itamani ardhi yao. Katika mkataba wa New Echota wa mwaka 1835, kikundi kidogo cha Wacherokee kiliikabidhi serikali ya Marekani nchi yote, bila ya idhini ya taifa lao. Watie na nduguye walikuwa miongoni mwa waliotia saini. Wao waliona hapana njia nyingine ya kuwaokoa watu wao. Mkuu wa taifa, John Ross, na walio wengi waliukataa mkataba huo, lakini mwaka 1838 askari waliwatoa watu majumbani mwao kwa nguvu na kuwapeleka magharibi. Inakisiwa kuwa katika watu kama 16,000 walikufa 4,000.

Walionusurika hawakusahau. Tarehe 22 Juni 1839 watu wa upande wa pili waliwaua Boudinot, pamoja na ami yake Watie na mtoto wa ami yake huyo, kwa siku moja. Watie aliponea chupuchupu. Damu ikalipwa kwa damu kwa miaka, mpaka ilipofanywa suluhu mwaka 1846. Lakini ulikuwa moto uliofunikwa na majivu.

Basi mtu huyu alikuwa na machungu mawili: wageni walimtoa katika nchi yake, na watu wake walimuulia nduguye. Nani asiyemwonea huruma? Lakini mtu huyu huyu alikuwa na shamba linalolimwa na watumwa weusi. Mwaka 1861 majimbo ya Kusini yalipojitenga ili yaulinde utumwa, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, Watie alikusanya wapanda farasi akapigana upande wao. Mwaka 1864 akafanywa jenerali.

Ushujaa wake haukanushiki. Septemba 1864, huko Cabin Creek, aliuteka msafara mkubwa wa magari ya shehena ya jeshi la Kaskazini. Lakini tazama vita vyake vingine. Mwezi Februari 1863 Wacherokee walioshikamana na Kaskazini walipitisha sheria ya kuwaacha huru watumwa wao. Oktoba ya mwaka ule ule, Watie aliichoma nyumba ya John Ross na majengo ya baraza la taifa lake mwenyewe. Hasama ya zamani ilikuwa imevaa nguo za vita vipya.

Liko jambo moja linalonigusa zaidi. Watie alikuwa na mtoto aitwaye Saladin, yaani jina la Salahuddin Ayyubi kama wanavyolitamka wazungu. Salahuddin aliitwaa Baitul Muqaddas mwaka 1187, na hakuwachinja watu wake. Kijana huyu alipigana pamoja na baba yake. Mwaka 1863 mama yake alipata habari kuwa amemuua mateka. Akamwandikia mumewe awaambie vijana wawe na huruma, kama wao wenyewe wanavyotaraji huruma ya Mungu. Mama huyu Mkristo alisema maneno ambayo kila mtoto wa chuoni kwetu anayajua.

Majeshi makubwa ya Kusini yalisalimu amri mwezi Aprili 1865. Watie alisimama imara, kama jina lake, mpaka tarehe 23 Juni, akawa jenerali wao wa mwisho kuweka silaha. Alikufa mwaka 1871, baada ya kuwazika watoto wake wote wa kiume. Kusimama imara ni sifa njema, lakini swali ni: umesimama juu ya nini? Aliyeambiwa kuwa ardhi yake si yake, alimwambia binadamu mwenziwe kuwa hata mwili wake si wake.

Wala sisi wa pwani tusimcheke. Wazee wetu walisimulia dhulma ya Mreno, na miongoni mwao wako walionunua na kuuza watu mpaka soko la Unguja likafungwa mwaka 1873. Na leo je? Mwanamke aliyeteswa na mavyaa wake hungoja zamu yake, akaja akamtesa mkaza mwana. Mwalimu aliyechapwa bila ya haki chuoni huwachapa vivyo hivyo watoto wa wenziwe, na akaita hiyo ni adabu.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Maida kwamba chuki juu ya watu isitufanye tukaacha uadilifu. Hakumtoa katika amri hiyo mwenye kidonda. Aliyedhulumiwa ana haki ya kudai chake, na dua yake haina pazia. Lakini hana haki ya kuchukua cha mwengine awe ndiye fidia yake.

Mola atuondolee dhulma inayotufika, na atukinge na ile itokayo mikononi mwetu. Amin.