Kilicho Bora ni cha Nani?

Wapo wanaompima mtu kwa nyumba aliyojenga, na wapo wanaompima kwa watoto aliowasomesha. Mimi, katika uzee huu, nimezoea kumpima kwa swali dogo: katika vile anavyovipata kwa jasho lake, ni kipi anachojiruhusu kukitumia yeye mwenyewe na wanawe? Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Napenda tulizungumze, ndugu msomaji, kwa mfano wa chungu cha mchuzi wa kamba.

Hapa Kibiti kamba hutufikia kutoka delta ya Mto Rufiji. Hutoka Salale, Mbwera, Kiomboni na vijiji vingine vya huko, wakaletwa Nyamisati kwa mashua, wamelazwa katika barafu. Wengi wao hawashuki hapa. Hupita barabarani kuelekea Dar es Salaam, na wale wachache wanaobaki sokoni aghalabu ni wadogo.

Kuwapika si kazi ngumu, na mwanamume aliyewahi kuishi bwenini katika chuo cha ualimu hana sababu ya kuliogopa jiko. Menya magamba, pasua mgongo uutoe ule mshipa mweusi, osha, kamulia ndimu, tia chumvi, uweke kando. Vichwa na magamba usivitupe; vichemshe katika maji kidogo uchuje, kwani supu yake ndiyo roho ya mchuzi. Kwa nusu kilo ya kamba nazi moja yatosha: ikune, ukamue tui zito uliweke peke yake, kisha tui jepesi. Kaanga kitunguu kilainike, tia kitunguu saumu, manjano na nyanya mbili, uziache mpaka zipondeke. Mimina supu na tui jepesi, zichemke. Mwisho kabisa ndipo uwatie kamba pamoja na tui zito, ukikoroga taratibu lisikatike. Wakijikunja na kugeuka rangi, epua. Ukiwaacha zaidi watakuwa wagumu kama ndara. Ndipo ule kwa wali wa mpunga wa bondeni.

Tazama sasa kilichomo chunguni. Kamba ni wa delta, nazi na ndimu ni za mashambani kwetu, mpunga ni wa bonde la Rufiji. Hakuna cha anasa humo, wala kilichosafirishwa kutoka ng'ambo. Kwa nini basi chakula hiki ni kigeni katika nyumba nyingi za hao hao wanaowavua kamba?

Nilipokuwa bado kazini, niliwauliza watoto wa darasa la tano, katika shule moja ya delta, wataje vyakula vya kwao. Walitaja ugali, wali, samaki, uduvi, muhogo na maembe. Nikawauliza mbona hawakutaja kamba. Mvulana mmoja akasimama, akajibu kwa adabu, "Mwalimu, kamba si chakula. Kamba ni wa kuuza." Darasa zima halikuona kichekesho chochote. Walikuwa wamemweka kamba pamoja na korosho katika orodha ya mazao ya biashara, na kwa kadiri ya walivyoona nyumbani kwao, walikuwa sahihi.

Jirani yangu mmoja, aliyevua kwa miaka mingi, nilimweleza habari hiyo. Hakukubaliana nami. "Mwalimu," alisema, "kilo moja ya kamba wakubwa ni madaftari ya watoto. Unataka niyale madaftari?" Hoja hiyo ni nzito, na asiyeijibu kwa heshima hajui umaskini ulivyo. Mzazi anayeuza kamba ili mwanawe avae sare hajamnyima mtoto kilicho bora. Amempa katika sura nyingine. Mimi niliyekula mshahara wa ualimu kwa miongo kadhaa siwezi kumwambia mvuvi kwamba kuuza ni dhambi. Kuuziana ni sehemu ya ubinadamu.

Basi kosa, kama lipo, liko wapi? Naona liko katika neno "daima". Kuuza leo kwa sababu ya haja ni busara. Kuuza kila siku, mwaka hata mwaka, mpaka mtoto asijue kwamba kitu hicho kina ladha, ni jambo jingine. Kamba hupangwa kwa madaraja kulingana na ukubwa. Mtoto anayeona daima daraja la kwanza likienda kwa wengine na vilivyokataliwa vikibaki nyumbani hujifunza somo lisilomo katika muhtasari wowote: kwamba yeye mwenyewe ni wa daraja la pili. Somo hilo likishaingia, madaftari hayalifuti kwa urahisi.

Tulipokuwa chuoni mwanzoni mwa miaka ya 1970, Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ndiyo iliyokuwa dira yetu. Wengi tuliielewa kuwa ni kulima, kufuga na kuzalisha. Lakini kujitegemea kuna upande wa pili, nao ni kujihesabu kuwa unastahili. Mtumwa naye alizalisha, tena sana. Alichokosa ni haki ya kusema, "Hiki ni changu, nami nitakila."

Jambo hili halikomei chunguni. Kamba hutaga baharini. Watoto wake huingia katika mito ya delta, wakakulia kwenye mizizi ya mikoko, kisha hurudi baharini. Mwaka 1997 Serikali iliidhinisha mradi wa kufuga kamba katika delta hiyo, kwa mabwawa ya maelfu ya hekta. Wanavijiji wengi walipinga, wakafika hata mahakamani, na mabwawa hayo hayakujengwa. Sidai kwamba walifanya hivyo kwa ajili ya mchuzi. Walikuwa na mashamba yao na maji yao ya kuvulia. Lakini naamini mtu hulinda kwa moyo kile anachokijua kwa ulimi wake. Kile anachokijua kwa bei tu, atakiachia siku bei itakapomridhisha.

Huenda mtu akaniambia kwamba desturi yetu ni kumpa mgeni kilicho bora. Kweli kabisa, wala sitaki desturi hiyo ife. Lakini wahenga hao hao walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Waliona kwamba hata ukarimu una mpaka, na kwamba mwenyeji naye ana sehemu yake katika nyumba yake. Mnunuzi wa mbali tumemfanya mgeni wa siku zote, asiyeshikishwa jembe.

Ushauri wangu ni mdogo, nao hauhitaji fedha nyingi. Kila mavuno yanapofika, yawe ya kamba, ya korosho au ya mpunga wenye harufu nzuri, toa kwanza sehemu ya nyumbani, hata kama ni kiganja kimoja. Usitoe waliopondeka, toa walio wazuri. Wapike taratibu, uwagawie watoto, na uwaambie jina la mahali walikotoka. Kisha waliosalia peleka sokoni, uwauze kwa bei nzuri uwezavyo, ukanunue madaftari.