Lengo la Mwezi wa Sita

Kila mwaka, ufikapo mwezi wa sita, moyo wangu hukosa raha kidogo. Ni miaka mingi tangu niiache kazi ya kodi, lakini tarehe 30 Juni bado naijua hata pasipo kalenda. Siku hiyo mwaka wa serikali hufungwa, na kesho yake mwingine hufunguliwa. Wengine wanaukumbuka msimu huo kwa bajeti inayosomwa bungeni na kwa bei ya vinywaji na mafuta. Mimi naukumbuka kwa daftari la mama mmoja aliyekuwa akiuza vitenge.

Nilikuwa kijana, afisa mdogo katika ofisi moja ya kodi, katika mji mmoja wa bara. Jina la ofisi na la mji sitalitaja, kwa sababu kosa ninalotaka kulisimulia nililitenda mwenyewe, kwa kalamu yangu. Katika chumba chetu palikuwa na ubao ukutani. Upande wa kushoto yaliandikwa majina yetu. Safu ya kwanza ilikuwa ya lengo la kila mmoja wetu kwa mwaka, na safu ya pili ilikuwa ya makusanyo. Kila Ijumaa mkuu wetu alifuta tarakimu za safu ya pili na kuandika mpya. Hakuwa mtu mkali. Wala hakuhitaji kuwa mkali, maana ubao ulisema yote.

Mwaka huo, zikiwa zimebaki siku nane, safu yangu ya pili ilikuwa na pengo kubwa. Nilikaa nikijiuliza: nani analo deni kubwa ambalo sijaligusa? Niliwajua wawili watatu. Mmoja alikuwa na malori, mwingine alikuwa na maghala ambayo mlango wake ulifunguliwa usiku tu. Lakini watu hao walikuwa na wanasheria, walikuwa na marafiki, na kuwachunguza kungechukua miezi. Mimi nilikuwa na siku nane. Basi nikamwendea yule mama.

Nilimwendea kwa nini? Kwa sababu alikuwa karibu, na alikuwa na fedha taslimu ya mauzo ya msimu. Pia nilijua kila kitu chake, maana kila mwaka alikuja ofisini mwenyewe akiwa amebeba daftari lake. Humo aliandika kila doti la vitenge alilouza, kwa mwandiko wa duara kama wa mwanafunzi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, naye alikuwa ameshika usia huo kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Karibu kiti."

Nilikaa, nikanywa chai yake, kisha nikamwambia kwamba daftari lake halikuridhisha. Sheria ilimruhusu afisa kuyakataa mahesabu asiyoyaamini na kukadiria mwenyewe kwa busara yake. Ukweli ni kwamba niliyaamini mahesabu yake kabisa. Lakini nilikadiria, na makadirio yangu yalifanana sana na pengo lililokuwa kwenye ubao. Alikuwa na haki ya kuweka pingamizi. Sikumweleza vizuri namna ya kuliweka, naye hakuuliza. Alilipa. Baadaye nilisikia kwamba cherehani yake ya pili aliiuza wiki hiyo.

Ofisi yetu ilivuka lengo. Tulinywa soda, tukapewa barua za pongezi. Yangu nilikaa nayo muda mrefu, kisha siku moja nikaichana.

Mwaka uliofuata nilikwenda tena dukani kwake. Nikamwuliza daftari liko wapi. Hakukasirika. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Lilinisaidia nini, mwanangu?" Tangu siku hiyo hakuandika tena. Akawa kama wafanyabiashara wengine, anayekisiwa na mwenye kukisia, wote wawili wakidanganyana kwa adabu.

Msomaji mpendwa, swali ninalotaka tulitafakari pamoja ni hili: je, ni haki kumpima mtoza kodi kwa kiasi alichokusanya?

Usiharakishe kusema si haki. Serikali isiyo na lengo la mapato ni kama msafiri asiyejua aendako. Dawa za zahanati, chaki za darasani na mshahara wa muuguzi vyote hutoka katika mfuko huo, na haba na haba ndiyo hujaza kibaba. Nilikuwa na mwenzangu ofisini ambaye bila ubao ule angelala hadi saa nane mchana, na akiamka angekwenda kutafuta rushwa. Ubao ulimwamsha. Mtu anayepokea mshahara wa umma hana budi kuulizwa amefanya nini. Hilo silipingi.

Ninalolipinga ni lile linalotokea lengo linapogawanywa. Kwanza taifa hujiuliza linahitaji kiasi gani, kisha huangalia uchumi na kukisia zitapatikana ngapi. Hayo ni makisio halali. Halafu tarakimu ile hugawanywa kwa mikoa, mikoa huigawanya kwa wilaya, na wilaya kwa maafisa. Katika kushuka huko, makisio hugeuka amri bila mtu yeyote kutangaza. Hatimaye tarakimu hufika mbele ya meza ya mtu mmoja mwenye duka. Hapo ndipo dhambi ilipo. Maana deni la yule mama halikutokana na mahitaji ya serikali. Lilitokana na sheria na kipato chake. Serikali ingekuwa na njaa au imeshiba, deni lake lilikuwa lile lile, limeandikwa kwa mwandiko wa duara. Mimi nilichukua pengo la ubao nikalibandika juu ya kichwa chake na kuliita kodi.

Jambo hili si geni kwetu. Lugha yetu yenyewe inalikumbuka, maana neno kodi na neno kukodisha ni ndugu. Katika karne ya 19, Seyyid Said wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 1856, hakukusanya ushuru wa forodha kwa watumishi wake. Aliikodisha forodha nzima kwa mfanyabiashara. Kwa miaka mingi mkodishwaji alikuwa Jairam Shivji, mwenye asili ya Kutch, India. Alimlipa sultani kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, na kilichozidi kilikuwa chake. Warumi wa kale walifanya vivyo hivyo, na ndiyo maana katika Injili mtoza ushuru hutajwa pamoja na wenye dhambi. Tuliiacha desturi hiyo kwa sababu tuliamini kodi ni jambo la sheria, wala si biashara ya mtozaji. Lakini afisa anayepewa lengo lake binafsi, na ambaye cheo chake kinategemea lengo hilo, amekodishwa tena kwa mlango wa nyuma. Tofauti ni kwamba badala ya faida anapata barua ya pongezi.

Nchi nyingine zimelipambania swali hili hadharani. Huko Marekani, mwaka 1988 Bunge lilipiga marufuku kuwapangia watoza kodi wa serikali kuu viwango vya makusanyo. Hata hivyo mwaka 1997, mbele ya kamati ya fedha ya Seneti, watumishi na walipa kodi walieleza kwamba tabia hiyo ilikuwa bado hai, na tarakimu za kukamata mali za watu zilikuwa bado zinalinganishwa ofisi kwa ofisi. Mwaka 1998 ikatungwa sheria kali zaidi. Ilikataza mtumishi asipimwe kwa matokeo ya kubana walipa kodi. Iliagiza kwamba kuwatendea watu kwa haki na usawa kuwe mojawapo ya vipimo vya kazi yake. Tena iliwataka wasimamizi wathibitishe kwa barua, kila miezi mitatu, kama katazo hilo limevunjwa au la.

Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi, kisha nikasoma lililofuata. Mali zilizokamatwa mwaka 1997 zilikuwa takriban mara 10,000. Mwaka 1999 hazikufika 200. Je, wadaiwa wote walikuwa wamegeuka watu wema katika miaka miwili? La hasha. Maafisa waliogopa, na wenye malori na maghala wa huko bila shaka walilala usingizi mzuri. Kwa hiyo, msomaji, ukimya wa watoza kodi nao si haki. Mkwepaji anapoachwa, mzigo wake humwangukia mwenye daftari.

Hapa Tanzania, ambako Mamlaka ya Mapato iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995 na kuanza kazi tarehe 1 Julai 1996, mjadala haujaisha. Aprili 2021, siku chache baada ya kushika madaraka, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaonya watoza kodi dhidi ya kutumia mabavu, akataka walipa kodi waongezwe badala ya kuwakamua wale wale. Mei 2023, na tena Juni 2024, wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, na miongoni mwa malalamiko yao ulikuwamo ukusanyaji wa kodi. Sisemi wafanyabiashara wote ni wasafi. Nimekaa upande wa pili wa meza, nawajua. Nasema tu kwamba mlango wa duka ukifungwa kwa hasira, hakuna ripoti ya asilimia ya lengo inayoweza kuueleza.

Basi tupime nini? Mwingereza mmoja mtaalamu wa uchumi, Charles Goodhart, aliona mwaka 1975 kwamba kipimo hupoteza ukweli wake mara kinapoanza kutumiwa kama rungu la kutawalia. Mimi nilikuwa ushahidi hai. Makusanyo yangu yalikuwa yakieleza jinsi nilivyofanya kazi, hadi siku yalipoanza kuamua cheo changu. Tangu hapo hayakueleza chochote isipokuwa hofu yangu.

Naona kwamba ofisi nzima, na taifa, waweza kupimwa kwa kiasi kilichokusanywa, maana huko juu makosa madogo husawazishana na hakuna mtu mmoja anayebebeshwa pengo. Lakini afisa mmoja mbele ya mlipa kodi mmoja apimwe kwa usahihi. Makadirio yake mangapi yalisimama pingamizi lilipowekwa? Je, alieleza haki ya pingamizi kwa lugha ya kueleweka? Aliwagusa wenye maghala, au aliwazungukia wale wanaokuja wenyewe? Anayestahili kurudishiwa fedha alingoja siku ngapi? Na afisa aliyemkuta mtu hadaiwi kitu, akarudi ofisini mikono mitupu, aandikiwe kuwa amefanya kazi, maana amefanya.

Najua vipimo hivyo navyo vyaweza kuchezewa. Hakuna safu ya ubao ambayo kijana mwenye hofu na kalamu hawezi kuijaza. Ndiyo maana mwishoni swali linamrudia mtu mwenyewe. Siku ile hapakuwa na mtu aliyeniamuru nilikatae daftari lile. Mkuu wangu hakulijua. Ubao haukuwa na mdomo. Kwa miaka mingi nilijitetea kwa kusema, "Lengo lilinisukuma." Sasa naona lengo lilinisukuma hadi mlangoni tu, na chai niliinywa mwenyewe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wazee. Mimi nilimnyima haki mtu ambaye hata hakuwa na kosa la kumnyonga.

Sikupata kumwomba radhi. Nilihamishwa, na nilipopita mji ule baada ya miaka mingi duka lilikuwa la mtu mwingine, likiuza vyombo vya plastiki.

Mara nyingine huuona ule ubao akilini, na katika mawazo yangu huchora juu yake safu ya tatu. Ningeiandika hivi: waliolipa mwaka jana, wakarudi mwaka huu kwa miguu yao wenyewe, na daftari mkononi. Mwaka ule wa pili jina la yule mama lingekosekana katika safu hiyo, na mkuu wangu, akiwa ameshika chaki siku ya Ijumaa, angelazimika kuniuliza mbele ya wenzangu kwa nini halipo.