Kemia na Fizikia ni Fardhi Kifaya

 

Ndugu zetu Waislamu, tangu Januari 2026 watoto wa Kenya waingiao gredi ya kumi hugawanywa katika njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, elimu ya jamii, na sanaa na michezo. Mtoto huchagua njia yake angali gredi ya tisa. Nasi twawasikia wazazi wa miji yetu wakisema, "Mwache achukue yaliyo mepesi, kemia na fizikia ni za wenye vichwa." Na wengine huongeza kwamba ilimu hizi ni za Wazungu, tena huitia imani ila.

Kauli hii ya pili yatushangaza mno. Ibnul Haitham, mzaliwa wa Basra katika karne ya kumi, ndiye aliyebainisha kwamba twaona kwa nuru itokayo kwenye kitu ikaingia jichoni, wala si kwa mwali utokao jichoni. Na Ahmed Zewail, Mwislamu wa Misri, alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1999. Walakin hatupendi kukaa sana katika fahari hii. Mwenye njaa hashibi kwa kuhadithiwa karamu ya babu yake.

Tazameni nyumba zetu za kale. Mafundi walichoma matumbawe kwa kuni mpaka yakawa chokaa, wakaizima kwa maji, wakakandika ukuta, nao ukawa mgumu kama jiwe. Kwa nini? Kemia yajibu: moto huitoa katika jiwe hewa ya kaboni dioksidi, na chokaa iliyozimwa, ikiwa ukutani, huinywa tena hewa ile ile polepole hata ikarejea kuwa jiwe. Mtoto apulizapo pumzi yake kwa mrija ndani ya maji ya chokaa, huyaona yakigeuka meupe kama maziwa. Ni jambo lile lile, ila liko ndani ya bilauri. Na bamvua alingojealo mvuvi mwezi uandamapo na uwapo mpevu, fizikia yalieleza: jua, mwezi na ardhi huwa katika mstari mmoja, na mivuto miwili ikasaidiana juu ya bahari. Je, aliyeyajua haya imani yake imepungua? Sura ya Aal Imran, aya ya 190 na 191, yawasifu wenye akili wanaotafakari uumbaji wa mbingu na ardhi. Kuijua sababu si kumkana Aliyeiweka.

Ama hukumu yake, Imamu Ghazali katika Ihyaa ameuhesabu utabibu kuwa ni fardhi kifaya: wakipatikana wa kutosha, wengine husalimika, asipopatikana hata mmoja, mji mzima una dhambi. Na alilalamika kwamba iko miji isiyo na tabibu ila asiyekuwa Mwislamu, hali watu wamesongamana katika fiqhi! Sisi fiqhi ndiyo tuliyoisoma, wala hatumwambii mtu aiache. Lakini hapana udaktari wala ufamasia pasina kemia, wala uhandisi pasina fizikia. Twanung'unika kwamba mama zetu hawapati daktari wa kike Mwislamu wa kuwazalisha, kisha binti mwerevu twamchagulia njia isiyomfikisha huko. Huyo daktari atatoka wapi?

Wazee waliotutangulia waliliona hili. Chuo cha MIOME hapa Mombasa, kilichopokea wanafunzi mwaka 1951, kilijengwa ili Waislamu wapate ilimu ya ufundi. Leo ndicho Technical University of Mombasa.

Yabaki mali. Kemia haisomwi kwa kukariri ubaoni; yataka maabara, mizani na dawa za kujaribia. Vyakula vya harusi moja ya siku hizi vingetosha kununua vyombo vya darasa zima. Na nani aliyesema waqfu ni wa msikiti na kisima tu? Mwenye duka au shamba na aiweke sehemu ya kodi yake waqfu kwa maabara ya shule iliyo jirani naye.

Nanyi walimu wenzetu wa vyuoni, mtoto akichelewa alasiri kwa ajili ya maabara, msimwadhibu. Somo lake la Qur'ani lisogezwe baada ya Isha.