ANAYETUMA NDIYE ATAKAYEULIZWA



Ndugu msomaji, leo tutazame swali moja. Mtu akituma mashine itangulie mahali pa hatari, je, amekwisha kutimiza wajibu wake kwa watu watakaoifuata?

Tuanze na mwezi. Kabla watu hawajaukanyaga Julai 1969, walikuwako wataalamu waliohofu kwamba vumbi lake ni laini mno, na kwamba chombo kitazama humo pamoja na waliomo. Marekani ikatanguliza vyombo visivyo na mtu. Juni 1966 Surveyor 1 ilitua, ikasimama imara, ikatuma picha za mguu wake juu ya udongo. Vyombo vya namna hiyo vilitumwa saba hadi 1968, viwili vilipotea. Hapakuwa na mjane aliyelia. Hiyo ndiyo heri ya mtangulizi: mali ikipotea hutafutwa tena, lakini nafsi haina badala.

Wengine watasema: basi mashine ziende peke yake, watu wabaki nyumbani. Neno hilo lina uzito, lakini tulipime. Roboti Opportunity ilifanya kazi katika sayari ya Mirihi tangu 2004 hadi 2018, bila chakula wala hewa. Katika miaka hiyo yote ilitembea kilomita 45 tu. Mtu mwenye afya humaliza mwendo huo kwa siku mbili. Mashine huvumilia, mtu huona upesi na kuelewa upesi. Kila mmoja ana kazi yake.

Lakini kuna kazi moja ambayo mashine haiwezi kubebeshwa, nayo ni kuamua. Mkumbuke Nabii Sulaiman na ndege hudhud aliyemletea habari za Sabaa. Hakuipokea habari hiyo hivi hivi, wala hakuitupa. Aliichunguza kwanza, na uamuzi ukabaki mikononi mwake.

Sasa tazama. Roboti Curiosity iliondoka duniani 2011, ikafika Mirihi Agosti 2012, na njiani ilipima mionzi ya angani. Ikaonekana kwamba mionzi hiyo ni mara nyingi zaidi ya ile inayotufikia sisi hapa chini. Tangu hapo, yeyote atakayempeleka mtu Mirihi hawezi tena kusema, "Sikujua." Mtangulizi amemwondolea ujinga, na pamoja na ujinga amemwondolea udhuru.

Kwani habari peke yake haiokoi. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi walionya kwamba baridi itadhuru mipira inayoziba viungo vya roketi za chombo Challenger. Wakubwa wakaamua kiruke. Watu saba wakafa. Onyo lilikuwepo, aliyekosekana ni msikilizaji.

Ndugu yangu, usiseme Mirihi ni mbali, hayanihusu. Mwenye shimo la madini aliyeambiwa asubuhi kwamba udongo umepasuka, kisha akawashusha vijana wa watu, hukumu yake ni ile ile. Tanguliza chombo, tanguliza kipimo, tanguliza mtu wa kuchungulia, ni vyema. Lakini habari ikikufikia imekuwa amana. Chuma hakitaulizwa kitu. Utaulizwa wewe uliyesikia.

Wabillahi tawfiq.