Kumfedhehi Kiongozi Hadharani

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: mtu wa Kolo, katika wilaya ya Kondoa, aliyeahidiwa kisima wakati wa kura, miaka mitano ikapita na mkewe yungali ateka maji mbali, ana haki ya kughadhibika. Hapo hapana swali. Swali lipo katika neno asemalo barazani, kwamba mheshimiwa huyo apakwe masizi usoni, apandishwe punda akielekezwa mkiani, azungushwe kijiji kizima. Je, yafaa?

Wako watakaojibu upesi kuwa Sheria yaijua adhabu hiyo. Ni kweli kwa kiasi. Al-Mawardi, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 450 wa Hijra (1058), ametaja kwamba katika taazir mkosaji aweza kutangazwa mbele za watu na kunyolewa nywele, bali ndevu zisinyolewe. Na katika kupakwa weusi usoni wanavyuoni wamekhitalifiana, wengi wakajuzisha, wachache wakakataza. Lakini mambo haya yamo mkononi mwa nani? Ni mwa hakimu, baada ya kosa kuthibiti. Hayamo mkononi mwa baraza. Na Imamu Shafii mwenyewe, katika shahidi wa uwongo, alitaka asimamishwe msikitini, au sokoni, au mbele ya kabila lake, watu wajulishwe uwongo wake wapate kujihadhari naye. Makusudio ni watu wajue, wala si watu wacheke.

Huku bara fedheha ya hadharani ina asili nyingine. Wajerumani, waliokuwa na boma Kondoa hata mwaka 1916, walitawala kwa kiboko. Amri ya mwaka 1896 iliweka mwisho wa viboko 25 kwa mara moja, na hesabu hiyo, hamsa ishirini, ikawa jina la zama zao. Amri hiyo hiyo iliwatoa Waarabu na Wahindi. Na maakida waliopeleka amri za serikali vijijini, wengi walikuwa watu wa pwani. (Msomaji wa pwani asilipite neno hili kwa haraka.) Basi kiboko hakikupima kosa peke yake, kilipima na cheo. Wala hakikuondoka pamoja na Mjerumani: mwaka 2009 Mkuu wa Wilaya ya Bukoba aliamuru walimu 19 wachapwe, Rais Kikwete akamwondoa kazini. Atakaye kumpaka mbunge masizi ameazima fimbo ile ile, ila ameigeuza upande.

Wala wasifurahi wale wasemao kwamba kumtaja kiongozi ni kusengenya. An-Nawawi amehesabu mahali sita ambapo kumtaja mtu kwa ovu lake kwajuzu, na la kwanza ni mdhulumiwa anaposhitaki. Naye alimwandikia Sultani Baybars juu ya mashamba ya watu wa Sham, sultani akaghadhibika, naye asinyamaze.

Basi yule wa Kolo na asimame mkutanoni, mheshimiwa akiwapo, autaje mwaka wa ahadi, na mahali kisima kilipokuwa kichimbwe. Akijibiwa kwamba fedha zilikuja, aulize zimekwenda wapi. Na asiketi mpaka ajibiwe.